Mchoraji wangu amefariki, picha zake 19 ziko kwenye galari yangu na kila mtu anazitaka

Shikamoo Anti,

Nakusoma muda mrefu ila sikuwahi kufikiria na mimi kuna siku nitaandika. Hii barua nimeiandika mara tatu nikafuta, leo naituma hivyohivyo ilivyo, utanisamehe ikiwa ndefu.

Nina miaka 41, niko Dar, nina galari ndogo ya sanaa huku Msasani, huu mwaka wa 11. Kwa wasioijua hii kazi, mimi sinunui picha za wachoraji halafu nikaziuza kwa faida kama dukani. Nakaa na kazi zao, sasa hivi wachoraji wangu ni 7, nazitengenezea fremu, napanga maonyesho kama manne kwa mwaka, natafuta wateja, picha ikiuzwa mchoraji anachukua asilimia 60 mimi 40. Isipouzwa ni yake, atakuja kuichukua siku akitaka. Sina mfadhili, sina mradi, hakuna ubalozi nyuma yangu. Kodi, umeme, mlinzi, dada wa usafi, vyote vinatoka kwenye hiyo 40, na kuna kipindi inapita miezi mitatu sijauza hata moja.

Mchoraji wangu wa kwanza kabisa, yule niliyefungua naye mlango, amefariki mwezi wa tatu. Figo. Nimwite Fundi maana ndivyo tulivyomzoea. Hatukuwahi kuandikishana chochote, miaka yote 11 ni mdomo tu, akija kuchukua hela anasaini kwenye daftari langu basi. Alikuwa na tabia moja, picha akiimaliza anaigeuza anaandika nyuma kwa mkaa jina la picha, mwezi, na hela anayotaka yeye mkononi. “Laki tano.” Namwambia Fundi, mteja akigeuza ataona, anasema aone tu, mimi sina siri. Mimi nilikuwa nauza 900,000, hiyo laki tano yake inatoka na chenji inabaki.

Kifo kimenikuta na picha zangu 19 za Fundi, nyingine ukutani nyingine stoo. Alipoanza dialisisi nilimsaidia 2,800,000 kwa vipandevipande, tukakubaliana nitakata zikiuzwa. Hazijauzwa.

Sasa Anti wiki tatu baada ya mazishi kaka yake mkubwa kaja kutoka Masasi na kirikuu. Hakupiga simu. Anasema yeye ndiye mkubwa wa familia, picha ni mali ya marehemu, anazipakia anapeleka kwenye hoteli moja wameshaongea. Huyu mtu Fundi amelazwa wiki saba sikumwona wodini hata siku moja, leo ataondokaje na picha zangu kwenye kirikuu! Nilimkatalia, tukapandishiana sauti mpaka mlinzi akaingia. Kaondoka kasema atarudi na mwenyekiti.

Kuna yule mwanamke aliyekuwa anakaa na Fundi Tandale, anauza vitumbua, wamekaa kama miaka 6 na wana mtoto wa miaka 4, ila ndoa hawakufunga. Yeye hajadai chochote. Alinipigia mara moja tu, akauliza kama kuna hela yoyote ya ada, nikamwambia bado.

Halafu kaja mteja wa Nairobi, mkusanyaji, ameshanunua kwangu mara mbili. Kasikia msiba, anazitaka picha zangu zote 19 kwa mpigo, 30,000,000. Kanitumia mkataba kwenye imeili, umeandikwa picha “pamoja na haki zake zote”, nijibu kabla ya mwezi kuisha. Nimepiga hesabu usiku, asilimia 40 yangu ni 12,000,000, ya Fundi ni 18,000,000, nikitoa deni langu inabaki 15,200,000 nawapa familia wagawane wenyewe huko. Na mwezi huuhuu mwenye nyumba anataka kodi ya miezi 6. Zamani nililipa kwa dola, serikali ilivyokataza bei za dola mwaka 2025 tukageuza shilingi, ni 1,800,000 kwa mwezi, kwa hiyo 10,800,000. Umeona yanavyolingana? Ni kama Mungu ndo ameleta.

Tatizo lingine, kati ya hizo 19 kuna 4 hazina sahihi. Fundi alikuwa anasaini mwisho kabisa, na hakufika huko. Mteja anataka zote ziwe na sahihi. Yule kaka tulipokuwa tunagombana akasema kwani shida iko wapi, kuna kijana aliyekuwa anamfundisha, anaijua sahihi ya mwalimu wake hata gizani, si asaini. Nilimjibu vibaya, ila Anti sikufichi, usiku nililifikiria.

Mume wangu anasema uza, lipa kodi, familia wapate chao, yaishe. Rafiki yangu anasema nikiuza nitashtakiwa. Mimi nashindwa hata kuingia stoo. Mara ya mwisho kumwona Fundi hospitali aliniuliza “ile ya bluu imekauka?” Nikamwambia bado. Siku mbili baadaye akafa.

Nifanyeje?

Mwenye Galari, Dar

*

Marahaba mdogo wangu, na pole. Pole ya msiba kwanza, maana kwenye barua yako yote naona hakuna mtu aliyekupa. Watu wanakuja kwako na kirikuu, na mkataba, na ankara ya kodi, na we umefiwa. Miaka 11 na mtu uliyefungua naye mlango, hata kama hamna undugu wa damu, ni kufiwa. Hospitali umeipa mistari mitatu hapo mwishoni, hesabu za hela umezipa nafasi kubwa kuliko kitu chochote, na sikulaumu, hesabu ni kitu cha kushika wakati mengine hayashikiki. Ila nilipofika kwenye ile ya bluu nilisimama kusoma kwanza.

Nikuelewe vizuri. Una kazi za marehemu mkononi, hamkuwa na karatasi, kaka anazitaka kama mkubwa wa ukoo, kuna mama na mtoto ambao hawajasema kitu, kuna mnunuzi mwenye haraka, na kuna kodi ambayo kwa bahati nzuri au mbaya inakaribiana kabisa na fungu lako la mauzo. Nadhani hilo la mwisho ndilo linalokunyima usingizi zaidi ya kaka. Hela ikija inalingana hivyo na shida, ni rahisi kuiona kama jibu la dua, na pengine ndivyo, mimi siwezi kumsemea Mungu. Ila jaribu kujiuliza, kama kodi ingekuwa imeshalipwa mpaka Desemba, huu mkataba wa Nairobi ungeuonaje?

Kuna kitu nataka nikuoneshe kwenye maandishi yako mwenyewe, na naomba usinikasirikie. Mara tatu umeandika “picha zangu”. Najua ni namna ya kuongea, hata mwalimu anasema watoto wangu. Lakini hapo juu ulieleza mwenyewe, tena vizuri kuliko mawakili wengi, kwamba isipouzwa ni yake. Hazijauzwa. Kwa hiyo siku ile Fundi alipofariki ziliingia kwenye mirathi, na wewe ukabaki mtunzaji unayedai. Na kuna jambo ambalo wenye galari wengi hawalijui mpaka yawakute, idhini ya kuuza kwa niaba ya mtu, ya mdomo au ya maandishi, kwa kawaida kisheria inakoma yule mtu akifa. Ruhusa aliyokupa Fundi miaka 11 iliyopita huenda leo haikutoshi. Mimi si wakili, hili ukalithibitishe kwa wakili, lakini ndo maana rafiki yako anaogopa, na hakosei kuogopa.

Ila hilohilo linamgusa na kaka. Kuwa mkubwa wa familia hakumfanyi msimamizi wa mirathi. Msimamizi anateuliwa na mahakama. Familia inakaa kikao inaandika muhtasari, inachukua cheti cha kifo, inafungua shauri Mahakama ya Mwanzo, tangazo linabandikwa ili mwenye pingamizi ajitokeze, ndipo mtu anapewa barua ya usimamizi. Akishateuliwa ana miezi 4 ya kupeleka mahakamani orodha ya mali na madeni ya marehemu, na mahakama inaweza kumwongezea muda. Umeona hapo kwenye madeni? Ile 2,800,000 yako ina mahali pake, unaipeleka kwa msimamizi na daftari lako lenye sahihi za Fundi, na meseji za kutuma hela kama bado unazo, inalipwa kabla warithi hawajagawana. Huhitaji kujikatia mwenyewe usiku na kalkuleta.

Sasa huyu kaka. Umesema hukumwona wodini hata siku moja, na maneno yako yana moto, na mimi ningekuwa na moto. Lakini Masasi siyo Mbagala, na mgonjwa wa wiki saba ndugu wanaweza kuwa wanahangaika kwa njia ambazo wewe pale kitandani huzioni. Barua yako haisemi mwili ulisafirishwa na nani, turubai na chakula cha msiba alilipa nani. Inawezekana hakutoa hata mia. Inawezekana pia anadaiwa kijiji kizima na ile kirikuu ameikodi kwa mkopo. Hujui bado, na kama mtakutana tena mbele ya mwenyekiti itakusaidia kuwa umeuliza hilo swali kabla hujaanza la picha.

Mama wa mtoto umemwita “yule mwanamke aliyekuwa anakaa na Fundi”. Yeye ndiye pekee ambaye hajakupigia kelele, na nafikiri ndo maana amepata nafasi ndogo kwenye barua. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi na jamii ikawaona kama mume na mke, inadhaniwa walioana kihalali mpaka ithibitishwe vingine. Hiyo dhana inaweza kupingwa, na kwenye mirathi huwa inapingwa kweli, ndugu wakishaona kuna hela hasa. Lakini ya mtoto ni nzito zaidi, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtu kumnyima mtoto manufaa ya mali ya mzazi wake. Ukiwapa “familia” 15,200,000 wagawane wenyewe huko, jiulize huko ni wapi, na yule mwenye kikaango cha vitumbua Tandale atakuwa amekaa upande gani wa kile kikao. WLAC na TAWLA wanatoa msaada wa kisheria kwa akina mama, na hapo Dar wapo. Kumpa namba tu si kuingilia.

Twende kwa mteja. Mnunuzi mmoja kuchukua zote kuna raha yake, stoo inakuwa nyeupe, hela inaingia mara moja, na kazi za Fundi zinakaa pamoja badala ya kutawanyika. Na usidhani kubaki nazo ndo heshima tu, kwa joto na unyevu wa Msasani kanvasi zinaota ukungu, na moto ukitokea hapo sijui kama una bima inayotaja picha zisizo zako. Hasara ya kuuza zote ni kwamba kuanzia siku hiyo bei ya Fundi inapangwa na mtu mmoja Nairobi. Atakapoamua kuuza, lini na kwa ngapi, wewe na mtoto mtasikia tu. Hili nadhani unalijua kuliko mimi.

Lile neno “pamoja na haki zake zote” ndilo lililonishtua zaidi ya bei. Kununua picha na kununua hakimiliki ya picha ni vitu viwili. Mtu anaweza kuwa na kanvasi ukutani kwake na bado asiruhusiwe kuichapa kwenye kalenda na fulana, kwa sababu hakimiliki inabaki kwa msanii mpaka aihamishe, na hapa Tanzania inaendelea miaka 50 baada ya kifo chake, kwa warithi. Yule mtoto wa miaka 4 atakuwa na miaka 54 ndipo iishe! Wewe hukuwahi kupewa hizo haki na Fundi, kwa hiyo hata ukitaka kumuuzia mteja huna cha kumuuzia. Inawezekana mteja hana nia mbaya, amechukua mkataba wa kawaida akajaza majina. Mwandikie umuulize anamaanisha nini hapo, na je, akiambiwa kuna mirathi inasubiriwa anaweza kuweka nia yake kwa maandishi akasubiri? Anaweza kukubali. Anaweza pia kuondoka, na hapo utakuwa umepoteza 12,000,000 kweli, siwezi kukudanganya kwamba atarudi.

Kuhusu zile 4 zisizo na sahihi, nimefurahi hukunificha. Kufikiria usiku siyo kutenda, na mtu mwenye kodi mlangoni anafikiria mengi. Naomba nikukumbushe jirani yako wa hapohapo. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora huko Msasani na Oysterbay mwaka 1968 na akauawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, walimdhania mhalifu. Miaka 4 tu ya kazi. Ndugu na wanafunzi wake wakaendeleza, wakaunda ushirika, mtindo ukabeba jina lake na familia nyingi zimekula kupitia hilo jina, ni jambo kubwa. Lakini mpaka leo mtu akileta ubao wenye sahihi ya Tingatinga mwenyewe, swali la kwanza la mnunuzi makini ni kama mkono ni wake kweli, na hata zile za kweli zinabeba hayo mashaka. Wewe una 15 zenye sahihi ambazo hakuna wa kuzitilia shaka. Kijana akisaini zile 4 na siku moja ikajulikana, na yeye yuko hai na ana mdomo, hizo 15 nazo zitaulizwa, na wale wachoraji wako wengine 6 wataulizwa.

Njia nyingine zipo. Huko kwenye masoko makubwa picha ambayo haikusainiwa inauzwa hivyohivyo, msimamizi wa mirathi anathibitisha kwa maandishi au muhuri nyuma kwamba ilitoka kwenye chumba cha kazi cha marehemu, na bei inashuka kiasi. Na wewe una kitu ambacho nashangaa umekitaja kama kichekesho tu. Kazigeuze. Hizo 4, kuna chochote ameandika nyuma kwa mkaa? Kama kuna jina na mwezi, huo ni mwandiko wake. Na zile 15 zina zaidi ya jina, zina bei aliyoitaka mkononi mwake. Ulisema hamkuwa na karatasi hata moja kwa miaka 11, lakini alikuwa anakuandikia makubaliano nyuma ya kila kanvasi. Zipige picha zote, mbele na nyuma, karibu kabisa mpaka herufi zisomeke, tengeneza orodha, mpe kaka nakala na mama wa mtoto nakala, siku moja. Mkaa unafutika, hasa zikipakiwa kwenye kirikuu bila kufungwa.

Kuwapa orodha siyo kuwapa picha. Lakini mtu aliyeoneshwa orodha anapunguza kudhani anaibiwa, na ukishasema idadi ni 19 mbele ya wote, hata wewe mwenyewe umejifungia mlango wa kuamka siku moja na kuuza mbili kimyakimya. Inaweza pia kumpa kaka nguvu ya kuja na bei za hoteli yake. Hiyo hatari ipo.

Kodi. Hapa najua sitakufurahisha, sina milioni kumi ya kukupa. Nakuuliza tu umeshamwambia mwenye nyumba ukweli, kwamba umefiwa na mchoraji wako mkuu na mauzo yamefungwa na mirathi, ukaomba miezi 3 badala ya 6? Wengine wanakataa, ila chumba kikikaa kitupu na wao wanaumia. Na wale 6 waliobaki, wanajua hali ya galari? Mmoja anaweza kukubali maonyesho ya haraka. Mwingine anaweza kuogopa akaja kuchukua picha zake, nalo ulitegemee, tena pengine nao hamjaandikishana. Mimi ningetamani kabla ya chochote ukae nao, kila mmoja na karatasi yake, nani anauza, kwa ngapi, na mmoja wetu akifa inakuwaje. Mmoja wetu nina maana na wewe. Galari nazo zinakufa, Gallery Watatu ya Nairobi ilidumu zaidi ya miaka 40 na leo haipo. Wewe ukianguka kesho, mume wako atajuaje ipi ni ya nani kwenye hiyo stoo?

Mume wako anataka yaishe, na namuelewa, anakuona usivyolala. Mwambie kuhusu stoo, kwamba unashindwa kuingia. Mwombe aingie na wewe hiyo siku ya kuzigeuza na kuzipiga picha, awe anashika taa ya simu. Usiingie peke yako.

Naomba uniandikie ukishaongea na mama wa mtoto, nataka kujua alikujibu nini kuhusu ada. Na ile ya bluu, kama bado inanata ukiigusa pembeni, usiilaze na usiiegemeze kwenye nyingine, itundike peke yake mahali penye hewa. Ni moja ya zile 4?

Anti